Kupeleka watoto Forodhani jioni na sikukuu: tupeane uzoefu

BintiMalindi
Assalaam alaykum wanajamvi. Sikukuu inabisha hodi, na kila nyumba yenye mtoto wa miaka 3 hadi 10 wimbo ni mmoja tu: Forodhani, Forodhani. Bustani yenyewe, hapa Mji Mkongwe Zanzibar, si kubwa, ukisimama mgongo kwa Ngome Kongwe unaiona mpaka baharini, lakini inawashinda watu wazima na akili zao. Tupeane uzoefu: saa gani, kula nini, kukaa wapi, lipi huharibika.

Naanza na la saa. Fika baada ya alasiri, saa 10 na nusu hivi. Kabla ya hapo vyuma vya kuchezea vimepigwa na jua tangu asubuhi. Weka mgongo wa kiganja chako juu ya ile ya kuteleza, hesabu hadi 5. Ukiondoa mkono kabla hujamaliza, mtoto asikae. Magharibi ikishaingia taa zinawaka, moshi wa mishkaki unatanda, watu wanafurika, na mtoto wa kimo cha goti haonekani tena. Kwa hiyo michezo kwanza, chakula baadaye.

MamaWatatu
Chakula baadaye!! Mwambie hayo mtoto aliyekwisha kunusa pizza.

Shangani_Juu
Mpe muhogo nyumbani kabla hamjatoka. Mtoto aliyeshiba anacheza, mwenye njaa anakuvuta kanga tangu mnafika.

FundiVyuma
Bi BintiMalindi umegusa vyuma, nami ni kazi yangu, niongeze. Hewa ya bahari inakula chuma kuliko mnavyodhani. Kwenye bembea usiangalie kiti, angalia juu, pale mnyororo unapokutana na bomba. Pana kipingili kinachosuguana kila mtoto anapokwenda na kurudi. Kikishaliwa theluthi moja ya unene wake, hiyo bembea imekwisha hata kama imepakwa rangi jana. Rangi mpya ndiyo ya kuogopa, inaficha kutu. Ishike mnyororo, ining'inie kwa uzito wako mwenyewe kabla ya mtoto. Ikilia kwa mkwaruzo mkavu ni kukosa grisi tu. Ikilia "tak" moja moja, shuka.

Na watoto wengi hawaumii wakiwa juu ya bembea, wanaumia wakipita nyuma yake. Acha hatua 3 za mtu mzima mbele, 3 nyuma, na umfundishe mdogo kuzunguka kwa ubavuni.

Nduthi254
Hiyo inaitwa pembea, fundi.

FundiVyuma
Bembea.

Nduthi254
Pembea. Angalia kamusi.

Shangani_Juu
Zote zimo kamusini, tuendelee jamani.

Muuguzi_Zamu
Hilo la kuteleza limenikumbusha kosa moja ambalo wazazi wenye upendo ndio hulifanya. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu anaogopa, basi mama anampakata, wanateremka pamoja. Kiatu cha mtoto kina soli ya mpira, kinagusa ukingo na kunasa. Mtoto peke yake angesimama hapo hapo, kwa kuwa ni mwepesi. Lakini nyuma yake kuna kilo 70 za mama zinazoendelea kushuka, mguu mdogo unabaki nyuma, mfupa wa muundi unajisokota na kuvunjika. Hakuna damu wala uvimbe mkubwa. Mtoto analia tu, na kesho yake hataki kukanyaga. Watu wanamkanda kwa mafuta siku 3 wakidhani ameteguka.

Hawezi kuteleza peke yake? Basi hajafika umri wake. Mshike ubavuni, wewe umesimama chini, yeye aanzie katikati. Kiatu mvue, teleza ikishapoa.

MamaWatatu
Subhanallah. Kumpakata!! Nusu ya watu pale wanapakata.

KomboMvuvi
Nyote mnazungumza vyuma, hakuna aliyetaja maji. Hatari ya Forodhani ni ukuta wa bahari. Vijana wanakimbia kutoka kwenye majani, wanachupa baharini, watalii wanapiga picha, na mtoto wa miaka 6 anatazama kwa makini kuliko anavyotazama skuli.

Sasa sikilizeni hesabu ya maji, maana wengi wanaijua bila kuijua. Kwetu Unguja bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hujaa karibu na saa 10, alfajiri na jioni. Kila siku maji yanachelewa kama dakika 50. Sikukuu ya Idi ndogo ni mwezi mosi, mwezi mwandamo, kwa hiyo daima ni bamvua. Maana yake watoto wanapofika na nguo mpya, maji yamejaa hadi juu ya ukuta na kina ni kirefu. Idi kubwa ni mwezi 10, yaani siku ya 10 tangu mwezi kuandama. Hapo ni maji mafu, yale yasiyojaa wala kutoka sana, hesabu ukitaka: siku 9 mara dakika 50, karibu saa 7 na nusu za kuchelewa. Saa 11 jioni maji yamekupwa na mawe ya chini yamo karibu. Aliyemwona kaka yake akichupa Idi ndogo akarudia Idi kubwa mahali pale pale, ameruka juu ya mawe.

Kwa hiyo si "maji mengi hatari, maji machache salama". Bamvua mdogo anazama, maji mafu mkubwa anavunjika shingo. Na wa miaka 4 asikae ukutani hata kwa kupiga picha, hata kama baba ameshika shati. Shati linachomoka.

Shangani_Juu
Huyu mzee kasema kweli tupu. Mwezi mosi na mwezi 10, sikuwahi kuziweka pamoja.

BintiMalindi
Ahsante Mzee Kombo. Na mtoto akipotea je? Ndilo ninaloliogopa kuliko yote.

KomboMvuvi
Kwanza tazama baharini. Wengine wanaanza kwenye meza za chakula kwa kuwa ndiko penye watu. Kwenye meza mtoto anaweza kungoja dakika 10. Majini hana 10.

Muuguzi_Zamu
Naunga mkono, na niongeze utaratibu. Usikimbie kimya ukizungusha macho. Paza sauti, taja umri na nguo: "Mtoto wa miaka 4, shati ya kijani, viatu vyekundu!" Jina lake pekee halimsaidii mtu asiyemjua. Mmoja abaki pale mlipokuwa, maana mtoto hurudi alikoachwa. Wa pili aende ukutani, wa tatu upande wa barabara. Kabla ya kutoka nyumbani mpige picha ya simu, mzima, hadi miguuni. Siku ya sikukuu wavulana 200 wana kanzu nyeupe na kofia, hapo kinachotofautisha ni kiatu.

Namba ya simu iandike kwenye mkono kwa kalamu ya wino, kisha pitisha juu yake rangi ya kucha ile isiyo na rangi. Jasho haliifuti. Karatasi ya mfukoni inaishia na aiskrimu.

Chakacha
Na mwambieni watakutana wapi. Lakini msiseme "kwa muuza pizza". Wauza pizza wote wana kofia nyeupe na kila mmoja anajiita namba moja. Semeni kwenye kibanda cha bendi, hicho hakihami.

BabuKofia
Kibanda cha bendi, ahaa. Sisi wazee bado tunapaita Jubilee. Bustani ilitengenezwa kwa jubilei ya Sultani Khalifa, 1936, na sura hii mnayoiona ni ya matengenezo ya 2009. Jina la Forodhani ni la forodha ya zamani. Nyinyi endeleeni na pizza zenu.

Nduthi254
Nyinyi mnaogopa ukuta. Kujeni Nairobi, City Park ya Parklands, muone kima. Sikilizeni. Mama anafungua mfuko wa plastiki, ule mchakacho tu, kwanza hamwoni kitu. Wa kwanza anateremka kwenye mti, anakaa mita 3, anaangalia pembeni kama hana haja. Wa pili yuko nyuma yenu. Mtoto ameshika ndizi mkononi, anafurahi, anacheka kwa meno yote. Kwa kima, meno ni vita. Anarukia, anashika ndizi, na mtoto naye haachii kwa sababu ni yake! Hapo ndipo kung'atwa kunapotokea. Kima hakuja kung'ata, amekuja kuchukua, anang'ata kwa sababu ya kuvutana.

Dawa: chakula kibaki kwenye begi lenye zipu, si mfuko. Kima akishashika, achia. Mtoto amwonyeshe viganja vitupu, vyote viwili, ageuze uso, arudi kinyumenyume. Asikimbie. Na msiwape njugu, kwa kuwa aliyepewa jana ndiye anayepora leo.

MamaWatatu
Yarabi! Na akishang'atwa??

Chakacha
Hao ni tumbili si kima.

Nduthi254
Tumbili ni yule wa uso mweusi na manyoya ya kijivu, anapenda pahali wazi. Hawa wa City Park ni wa msituni, wakubwa, wana koo jeupe. Kima. Leo nimeshinda moja.

Muuguzi_Zamu
MamaWatatu, akishang'atwa au kukwaruzwa hadi damu: maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15 kwa kutazama saa, si kwa kukisia. Dakika 15 ni ndefu, mtoto atalia, endelea. Usipake kitunguu saumu, mafuta ya taa wala majivu. Usifunge kidonda kwa kubana. Halafu kituo cha afya siku hiyo hiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Sindano si moja, kuna ya siku ya 0, 3, 7 na kuendelea kulingana na kituo, na wengi huacha baada ya ya pili kwa kuwa kidonda kimepona. Kidonda kupona hakuhusiani. Muulize na ya pepopunda. Hayo hayo ni kwa paka wa Forodhani wanaozunguka chini ya meza, msicheke.

Shangani_Juu
Paka wetu wana adabu.

Chakacha
Kima punju wa msitu wa Jozani, hapa Unguja, ndio wana adabu. Ndizi mbivu hawana habari nayo, wanakula majani, matunda mabichi na makaa. Ndiyo, makaa, yanawasaidia tumbo kwa sumu ya majani.

KomboMvuvi
Uzi ni wa Forodhani. Kima wametokea wapi?

BintiMalindi
Waacheni, lakini turudi kwenye chakula tafadhali.

MpishiWaUsiku
Naam, tuje kwenye meza. Pizza yetu si ya tanuri. Unga unatandazwa mwembamba, katikati kinawekwa kipande kingine ili usitoboke, nyama ya kusaga, kitunguu, pilipili boga, yai, kisha unakunjwa pande 4 na kukaangwa. Juu inapoa baada ya dakika 2, ndani yai na mvuke bado vinachemka. Mtoto anauma kona, mvuke unamtokea kwenye kidevu. Mwambieni mpishi akate vipande 9 na aviachanishe sahanini, mvuke utoke. Ya chokoleti na ndizi ni mbaya zaidi, ile chokoleti inaganda kwenye ngozi na joto lake.

Mishkaki: nyama itolewe kwenye kijiti kabla mtoto hajapewa, kijiti kibaki kwangu. Mtoto anayekimbia na kijiti mdomoni akianguka, kinaingia kooni. Pweza mkate kama ukucha wa kidole chake kidogo, pweza hatafunwi na meno ya maziwa. Urojo uombwe bila pilipili mwanzo, si "pilipili kidogo". Pilipili kidogo ya Mzanzibari tunaijua.

Muuguzi_Zamu
Ukiunguzwa na hiyo chokoleti ni maji ya bomba, dakika 20. Si barafu, si dawa ya meno. Na jodari aliyekaa mezani bila barafu tangu alasiri, moto haumsafishi. Mtoto anawiva uso, anawashwa, anatapika ndani ya saa moja, watu wanasema ana mzio wa samaki kumbe samaki ndiye aliyeharibika.

MpishiWaUsiku
Dada, usituharibie biashara. Chagueni meza ambayo samaki anatoka kwenye sanduku la barafu mbele ya macho yenu. Zipo.

Shangani_Juu
Juisi ya miwa nayo, bila barafu kwa mdogo. Miwa yenyewe inakamuliwa na ndimu na tangawizi mbele yako, barafu hujui imetoka maji gani.

MamaWatatu
Bila barafu haina ladha.

Chakacha
Miaka yote watoto wanakunywa na barafu.

Muuguzi_Zamu
Na miaka yote tunawapokea.

BintiMalindi
Swali la mwisho jamani, nataka kumpeleka wa miaka 5 wiki hii, mwezi 15. Maji vipi, Mzee Kombo?

KomboMvuvi
Mwezi 15 ni bamvua. Saa 10 hadi saa 11 ukuta umejaa. Fikeni saa 10 na nusu kama ulivyosema, mchezesheni upande wa vyuma. Magharibi maji yatakuwa yanatoka, lakini kina bado kipo na giza limeingia. Wakati wa kula kaeni upande wa Ngome.

Nduthi254
Na pembea?

FundiVyuma
Bembea.