Udaktari wa wanyama: Uingereza, Marekani, au nianze na ufundi?

KwatoNne
Wakuu, habari zenu. Namaliza sekondari. Biolojia na kemia ziko vizuri, fizikia ndiyo inanitesa. Nataka kuwa daktari wa wanyama na nimebaki na njia tatu: nisome Uingereza, nisome Marekani, au nianze na stashahada ya ufundi kisha nipande. Ipi inafika kwenye leseni bila kuzungushwa?

MkonoBegani
Uingereza unaingia ukitoka sekondari: miaka 5, Cambridge 6. Marekani wengi humaliza kwanza shahada ya miaka 4, ndipo waanze miaka 4 ya udaktari wenyewe. Ila fupi si lazima iwe nyepesi. Wakati wangu Uingereza kulikuwa na wiki 38 za mafunzo nje ya chuo, 12 za kutunza mifugo na 26 za kliniki. Hili jina nimelipata huko. Mkono umezama ndani ya ng'ombe hadi begani, natafuta mfuko wa uzazi kwa vidole, mwalimu ananiuliza, "Umeshika nini?" Nikajibu kwa kujiamini: mimba. Kumbe kibofu.

PakaMweusi
Kauliza leseni, wewe unamjibu shahada. Uingereza ukihitimu chuo kinachotambuliwa na RCVS, chombo kinachosajili madaktari wa wanyama huko, unasajiliwa bila mtihani mwingine wa taifa. Marekani hata aliyesomea hapo hapo lazima afaulu NAVLE, mtihani wa leseni wenye maswali 360, halafu aombe leseni ya jimbo. Akihamia jimbo jingine, anaomba tena.

Kwa hiyo mimi ningetazama ithibati kabla ya ada. Glasgow, Edinburgh na Royal Veterinary College ya London vina ithibati ya AVMA, chama cha madaktari wa wanyama cha Marekani, hivyo mhitimu wake anakwenda kwenye NAVLE moja kwa moja. Ukitoka chuo kisicho nayo, njia mojawapo ni ECFVG, mpango wa kuwahakiki waliosoma vyuo vya nje, na huko utapimwa kwa vitendo, kuanzia dawa ya usingizi mpaka kupasua mzoga. Hapo ndipo watu wanapoteza miaka.

BabaSungura
Ufundi nimeupitia. Unatoa damu, unapiga eksrei, unamwangalia mnyama akiwa usingizini. Kutaja ugonjwa, kuandika dawa na kufanya upasuaji mkubwa ni kazi ya daktari. Na hilo neno "kupanda" lilinidanganya: nilipoomba udaktari, masomo yangu mengi hayakuhesabiwa. Nilichobaki nacho ni mikono isiyotetemeka. Anza huko kama unataka kujua kwanza kama kazi unaiweza, si kwa kutafuta njia ya mkato.

KwatoNne
Asanteni sana. Lakini mimi nataka mbwa na paka tu. Farasi nao lazima?

PakaMweusi
Lazima, ndugu yangu. Farasi hawezi kutapika, paka anaweza kufa kwa kidonge kimoja cha parasetamoli. Mitihani inakutaka uwajue wote, na ndege pia. Kubobea huja baadaye: kwa kawaida mwaka 1 wa mafunzo ya jumla, kisha kama 3 ya fani yako. Fizikia isikutishe sana, kemia ndiyo vyuo vingi wanaing'ang'ania. Soma masharti ya kila chuo.

KwatoNne
Sawa, naanza na orodha za ithibati. MkonoBegani, ulijuaje kwamba ni kibofu?

MkonoBegani
Nilikibonyeza. Viatu vikaniambia.