Lenana kwa wikendi moja kupitia Naro Moru: mnacheza na maisha ya watu

Wadau, nimekaa siku nne kabla ya kuandika nikidhani hasira itapoa. Haijapoa.

Tangazo la waandaaji wa safari lilisema kilele cha Mlima Kenya, wikendi moja, njia rahisi, mtu yeyote anaweza. Picha waliyoweka ni ya Batian, ule mwamba mweusi uliosimama wima. Batian ni mita 5,199, na jirani yake Nelion ni mita 5,188. Huko hakufikiki kwa kutembea, ni kamba na ujuzi wa kukwea miamba. Sisi watembeaji tunaishia Point Lenana, mita 4,985. Lenana ni mahali pa heshima kabisa, ila mwambieni mteja ukweli kabla hajalipa.

Hilo ningelimeza. Njia waliyotupitisha na siku walizotupa ndivyo vinavyoninyima usingizi.

Walichagua njia ya Naro Moru kwa sababu ni fupi. Ni fupi kwa kuwa inapanda wima. Ijumaa jioni tulitoka Nairobi, tukalala kambi ya Met Station, mita 3,050. Jumamosi tukavuka lile kinamasi la mlimani, buti zikibaki kwenye matope, tukaingia bonde la Teleki na kulala kambi ya Mackinder's, mita 4,200. Nasema kulala, lakini saa nane usiku tulikuwa tumeshaamshwa kwenda kileleni. Ushauri unaojulikana wa madaktari ni kwamba ukishapita mita 3,000, mahali unapolala pasipande zaidi ya mita 500 hivi kwa siku. Sisi tulipandishwa 1,150 kwa siku moja, kisha karibu 800 nyingine gizani. Na hawa ni watu waliokuwa ofisini Ijumaa mchana!

Mdogo wangu alianza kuumwa kichwa tangu Mackinder's. Akakataa chakula, akatapika. Nikamwambia kiongozi, akajibu ni uchovu, anywe chai. Tukaendelea. Kwenye zile kokoto zinazoteleza kabla ya kibanda cha Austrian Hut, unapiga hatua mbili unarudi moja, kijana akaanza kuyumba kama mlevi. Nikamuuliza leo ni siku gani. Akanitazama tu. Nikamwita kiongozi tena, akasema kumebaki kidogo, tusiwacheleweshe wengine.

Aliyemwokoa ni mpagazi mmoja, mzee wa makamo, aliyepanda nasi usiku ule kusaidia wanaobaki nyuma. Alimmulika usoni, akamshika mkono, akasema, "Huyu anashuka sasa hivi." Hakuomba ruhusa ya mtu. Tulishuka watatu hadi Mackinder's, hatukusimama, tukaendelea kushuka. Tulipokaribia Met Station mdogo wangu aliuliza kama kuna chakula, na mimi nikakaa chini nikalia.

Kuyumba na kuchanganyikiwa ukiwa juu vile ni dalili kwamba ubongo umeanza kuvimba. Dawa ya kwanza ni kushuka, hapo hapo, hata kama ni usiku. Karibu na mita 5,000 kila pumzi inakupa oksijeni karibu nusu tu ya ile ya pwani. Kama mpagazi anayajua haya, kiongozi aliyechukua pesa zetu alishindwaje?

Na msiniambie mlima ndio mkali. Njia zipo. Sirimon, upande wa Nanyuki, ni kavu na inapanda polepole: kambi ya Old Moses mita 3,300, kisha kambi ya Shipton's, mita 4,200 na kidogo. Hata hapo pengo ni kubwa, ndiyo maana waongozaji makini huongeza usiku mmoja. Chogoria ni ndefu zaidi, unapita juu ya Ziwa Michaelson na lile bonde lenye kuta za mawe, na kwangu mimi hakuna njia nzuri kuishinda. Zote zinataka siku nne, tano. Siku hizo zina gharama, na gharama haziuziki kwenye tangazo la wikendi.

Nilipowapigia simu waliniambia tulitia saini fomu. Hawakuuliza mgonjwa anaendeleaje.

Mwezi ujao wanarudi, njia ileile, picha ileile. Kama umeshalipa, waulize leo hii: utalala mita ngapi usiku wa kwanza, mita ngapi usiku wa pili, na nani atashuka na mgonjwa. Wakijibu kwamba ni njia rahisi, dai pesa zako.