Nilipungua kilo 20, sasa zinarudi. Naombeni mbinu za kurudisha hamasa

Kiduchu:
Wakuu salaam. Naomba ushauri wa dhati, wenye kejeli zao wapite kimya kimya.

Mimi ni mwanamke, miaka 34, nipo Dar. Mwaka juzi nilikuwa na kilo 96. Nikajikaza nikashuka mpaka 76, ikawa watu niliosoma nao wananipita njiani hawanitambui. Nguo kubwa zote nikagawa. Tangu mwaka huu uanze, uzito unapanda tu. Juzi Kariakoo nilipanda mzani wa yule kijana anayekaa nao pembeni ya barabara, mia mbili, ukasoma 87. Nikamwambia mzani wako mbovu. Akanijibu, "Shuka upande tena dada, ila ni mia mbili nyingine."

Chakula nakijua. Mazoezi nayajua. Kinachonishinda ni akili. Ile hamasa ya mwanzo sijui imekwenda wapi. Usiku nikishapakulia watoto wali wa nazi, ule ukoko unabaki chini ya sufuria, wa rangi ya kahawia, una mafuta ya nazi pembeni. Naukwangua kwa kijiko nikiwa nimesimama, kana kwamba mtu akila wima hahesabiwi. Mliopungua mkabaki huko huko, hamasa mliishikaje? Swali langu ni hilo tu.

Mzee wa Supu:
Ukoko wa nazi ni haki ya mpishi. Aliyekudanganya kwamba ni dhambi ni nani? Kula mama.

Ngosha Mtata:
Kilo 87 ndiyo unalilia? Huku kwetu mke akikonda, wakwe wanaitwa kwenye kikao waeleze anateswa na nini.

Mtumishi Asiyechoka:
Binti, tusizunguke mbuyu. Hiyo ni roho ya ulafi. Vijana wa sasa mnataka hamasa, hamasa, kwani bibi zetu walikuwa na hamasa? Walikuwa na jembe. Funga na kuomba, tumbo litajua nani mkubwa.

Raba Mlangoni:
Dada pole. Mimi ni mwanaume, nimevuka hamsini. Niliambiwa nina sukari na daktari aliyekuwa anachati wakati ananiambia. Nikatoka pale na hasira, nikaanza kutembea alfajiri, Mwenge mpaka Ubungo kwa kufuata Sam Nujoma, kurudi napanda daladala. Hiyo hamasa unayoitafuta kwangu haikumaliza hata wiki mbili. Iliyobaki ni raba. Nilikuwa naziweka mlangoni usiku, nikiamka kwenda kujisaidia nazikanyaga, basi nimeshaamka tena. Sibishani na nafsi.

Sasa kuna siku wakaziiba. Mlangoni pangu! Nikajua tu ni yule kijana wa bodaboda wa jirani, maana siku ya tatu namuona kavaa. Nikamuuliza, akasema kanunua Karume kwa elfu kumi na tano. Nikamlipa elfu kumi na tano, nikachukua raba zangu. Mke wangu mpaka leo anasimulia hii habari kwenye misiba.

Mzee wa Supu:
Mkuu umenunua raba zako mwenyewe 😂😂 Huo ndio utashi sasa.

Nesi wa Zamu:
Kiduchu, kabla sijachangia nina swali. Hizo kilo 20 ulizitoa kwa njia gani, na kwa muda gani?

Kiduchu:
Nesi asante kwa kupita. Maji ya ndimu asubuhi, wanga usiku niliacha, na kutembea. Miezi kama saba. Ila kama nilivyosema, njia ninazo, nauliza kuhusu akili.

Nesi wa Zamu:
Nimekuelewa. Na njaa ilirudi taratibu au ilirudi siku moja kama vile imefunguliwa mlango? Kuwaza chakula mchana kutwa, kitu ambacho wakati unapungua hukuwa nacho kabisa? Mtu wa ndimu huwa ana njaa tangu mwanzo, ndiyo inayomshinda. Wewe unaeleza kama njaa ilikuwa haipo halafu ikaja. Dada, ulitumia sindano?

Ngosha Mtata:
Nimekaa paleee.

Kiduchu:
Nilijua tu mtafika huko, ndiyo maana sikutaka kuandika. Haya. Ndiyo, nilichoma zile za kalamu, semaglutide, kila wiki. Niliacha kwa sababu ya hela, si kwa kushindwa. Lakini tuwekane sawa, sindano haikuwa inanitembeza. Miguu ilikuwa yangu. Kuacha soda nimeacha mimi. Naona mtu akisikia sindano basi jasho lako lote linafutwa, wakati wanaume humu wanakunywa mizizi ya kila aina na hamuwaulizi.

Mtumishi Asiyechoka:
Nilisema. Njia za mkato.

Nesi wa Zamu:
Mtumishi tulia kidogo.

Dada, hakuna anayekufutia jasho. Ila swali lako umelipeleka mlango usio wake. Hiyo dawa inaiga homoni ya utumbo inayouambia ubongo kwamba umeshiba, na inachelewesha chakula kutoka tumboni. Ukiacha, taarifa hiyo inakatika. Kuna utafiti uliowafuatilia watu walioichoma kwa zaidi ya mwaka kisha wakaacha: mwaka mmoja baadaye walikuwa wamerudisha kama theluthi mbili ya walichopunguza. Wote hao tuseme walipoteza hamasa kwa pamoja?

Na hata asiyechoma, mwili unamshindania. Marekani walikuwa na shindano la televisheni la kupungua uzito. Wataalamu wakawapima washiriki 14 miaka sita baada ya shindano, matokeo yakatoka 2016. Wote isipokuwa mmoja walikuwa wamerudisha uzito, na miili yao kwa siku ilikuwa inachoma kama kalori 500 pungufu ya ilivyotarajiwa kwa watu wa ukubwa wao. Watu wale walikuwa na kocha, kamera, na zawadi ya fedha mbele yao. Hamasa gani tena hiyo?

Wapo wanaobaki. Huko huko Marekani kuna daftari la watu wa aina hiyo tangu 1994, kuingia lazima uwe umepunguza kilo 13 na ushee na ukakaa mwaka bila kuzirudisha. Wengi wao wanajipima mara kwa mara, wanajishughulisha karibu saa nzima kila siku, na Jumapili wanakula kama Jumanne. Waliosukumwa na jambo la kiafya, kama Raba Mlangoni na sukari yake, walirudisha kidogo kuliko wengine. Anayepungua kwa ajili ya macho ya watu, macho yakihama anabaki na nini?

Sindano si haramu, kwa wengine ni tiba hasa, na unene wenyewe ni ugonjwa wa muda mrefu. Lakini ni tiba ya kusimamiwa. Wewe nani alikusimamia? Na ulinunua duka la dawa au kwa mtu?

Kiduchu:
Kwa mtu. Anazitoa Dubai, mwaminifu, dada wa heshima tu. Na kwa kuwa mmeshanivua nguo acha nimalizie: nimeshamtumia nusu ya hela ya nyingine. Moja ya zamani ina mabaki, ipo kwenye friji, nimeificha kwenye kopo la Blue Band watoto wasiichezee. Nataka nichome miezi miwili tu nishuke, halafu niendelee na akili. Ndiyo maana nauliza habari za akili.

Nesi wa Zamu:
Mabaki ya lini?! Kalamu ikishafunguliwa ina wiki zake chache, na haitakiwi kuvuka nyuzi 30, sasa pima na umeme wetu na joto la Februari. Halafu Juni 2024 WHO walitoa tahadhari ya semaglutide bandia iliyokamatwa nchi kadhaa. Za mkononi huwezi kujua humo mna nini. Waulize TMDA, mamlaka ya dawa, kabla hujamalizia hiyo hela. Na nijibu hili: una mpango wa kubeba mimba? Maana inatakiwa iachwe angalau miezi miwili kabla.

Kiduchu:
Huyu dada ana wateja wengi na hakuna aliyedhurika. Lazima niwe nimeshuka kabla ya tarehe moja, hilo halina mjadala.

Raba Mlangoni:
Tarehe moja kuna nini? Harusi?

Kiduchu:
Kuna kazi.

Raba Mlangoni:
Kazi gani inayotaka kilo?

Kiduchu:
Nina darasa la WhatsApp. Nawafundisha watu kupungua. Nidhamu, ratiba ya mlo, kujitambua. Awamu mpya inaanza tarehe moja, watu wameshalipa elfu thelathini thelathini, na siku ya kwanza huwa naingia laivu wananiona. Kabla hamjarusha mawe: mimi siuzi sindano. Sijawahi kumuuzia mtu sindano. Nauza nidhamu, na nidhamu niliyonayo ni ya kweli. Mwalimu wa dini naye ana dhambi zake, madarasa hayafungwi.

Ngosha Mtata:
Subirini kwanza. Mwalimu wa hamasa anaomba hamasa?

Mzee wa Supu:
Profesa Janabi, yule daktari wa moyo wa kutuhimiza tupungue, akiuona uzi huu atarudi kukusanya vyeti vyote.

Mtumishi Asiyechoka:
Elfu thelathini mara watu wangapi? Hizo ni sadaka za wajane.

Nesi wa Zamu:
Swali la mimba hujajibu.

Mpelelezi wa Jamvi:
Wakuu mnalishwa chai mnakunywa. Angalieni wenyewe. Id imefunguliwa wiki hii. Post ya kwanza watu hawamtambui njiani, ya mwisho ana darasa zima linamtazama laivu. Miezi saba amechoma kalamu za Dubai, lakini uzito anapima kwa mia mbili Kariakoo. Kuna mzani, kuna ukoko wenye mafuta pembeni, kuna kopo la Blue Band. Mtu mwenye shida ya kweli haandiki hivi, anaandika bila nukta. Hili ni tangazo la sindano. Hesabuni, sasa hivi atatokea mtu kuuliza bei.

Mrembo wa Goba:
Samahani, huyo dada wa Dubai kalamu moja anauza bei gani?

Mpelelezi wa Jamvi:
SI NILISEMA

Mrembo wa Goba:
Jamani mimi nipo humu tangu 2015, tangazo kivipi? Nina kitambi tu.

Raba Mlangoni:
Hata kama ni chai, maelezo ya Nesi nimeyahifadhi. Mke wangu anahitaji ile ya kalori 500, anadhani nakula kwa siri.

Mzee wa Supu:
Unakula kwa siri?

Raba Mlangoni:
Tusitoke nje ya mada.

Binti Chanika:
Nimechelewa kuingia. Hii si chai. Mimi ni mmoja wa waliolipia darasa la tarehe moja. Mwalimu wetu ana picha ya kabla na baada, kwenye ya baada kavaa dera la zambarau, na kila siku ya ndimu anatuandikia hayo hayo ya nidhamu na kujitambua.

Kiduchu:
Madera ya zambarau yanauzwa Kariakoo nzima. Na madarasa ni mengi.

Nesi wa Zamu:
Binti, wewe ulipungua?

Binti Chanika:
Awamu iliyopita kilo sita, na hazijarudi, ndiyo maana nililipia tena. Ila ndimu niliacha mapema, ilinipa kiungulia, nikaogopa kusema kwenye grupu. Kilichonisaidia ni jirani yangu, mama mmoja ana presha. Tunatembea alfajiri mpaka sokoni na kurudi. Siku nikitaka kulala anagonga dirisha mpaka mume wangu anakasirika. Na sufuria naimwagia maji nikishapakua tu, kabla sijakaa kula. Ukoko ulioloa hauna mwenyewe.

Mzee wa Supu:
Huu sasa ni ukatili.

Nesi wa Zamu:
Kiduchu umesoma hapo? Mwanafunzi wako kakujibu swali lako la kwanza.

Kiduchu:
Siyo mwanafunzi wangu.

Binti Chanika:
Mwalimu sina ugomvi na wewe, yale ya kula mezani nimekaa ulinifundisha wewe na yamenifaa. Ila elfu thelathini ya tarehe moja naomba irudi, kwa namba ile ile iliyolipia.

Kiduchu:
Nimeshasema mimi siyo mwalimu wako. Njoo pm, na uje na jina lililotokea kwenye muamala.