Nani amewatuma? Mjadala kuhusu kura za maoni kabla ya uchaguzi

Wakuu, naomba tulijadili jambo hili kwa utulivu, hasa sisi tunaoishi huku Nyanda za Juu Kusini. Kila uchaguzi ukikaribia hutoka matokeo ya kura za maoni. Kura zikishahesabiwa, asilimia zinakuwa nyingine kabisa, na watu wanamaliza kwa neno moja: watafiti walinunuliwa. Mimi nasema tafiti hizi huanza kuharibika mlangoni kwa anayehojiwa, kabla mtu hajagusa kikokotoo. Sisi tunaozibishania ndio tunaozimalizia.

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe. Kwetu "kura za maoni" ni pia ule mchujo wa wagombea ndani ya chama, na wazee wengi wakilisikia ndilo wanaloelewa. Hapa nazungumzia utafiti wa kuuliza wananchi wachache ili kukisia wote watapigaje kura.

Niliwahi kufanya udodosaji kwa miezi miwili, vijiji vya Rungwe na Mbozi. Dodoso letu lilikuwa na maswali ya maji, barabara, bei ya mbolea, na kule mwishoni maswali ya viongozi. Kijijini huingii bila kupita kwa mtendaji. Mtendaji anakukabidhi kwa mwenyekiti wa kitongoji, na yeye ndiye anakupeleka kwenye kaya zilizochaguliwa. Sasa mwenye nyumba anawaona wawili: mgeni mwenye tableti, na mwenyekiti ambaye ndiye anayemtambulisha akitaka barua, na ndiye aliyekuwepo majina ya mbolea ya ruzuku yalipoandikwa. Nilikuwa namwomba mwenyekiti asogee. Anasogea hatua kumi, anakaa kwenye kivuli cha mgomba. Mgomba hauzuii sauti.

Kuna bibi mmoja upande wa Kiwira simsahau. Maswali ya maji aliyajibu kwa hasira, akanionyesha na ndoo. Tulipofika kwa viongozi akashusha sauti: "Mwanangu, nani amewatuma?" Nikamwonyesha barua. Akautazama muhuri muda mrefu, kisha akasema, "Basi andika wote wazuri." Nikaandika. Jibu lile likaenda kwenye jedwali likiwa na uzito sawa na la mtu aliyejibu kutoka moyoni, na hakuna hesabu ya kulitenganisha.

Swali la yule bibi linajulikana kwa watafiti. Afrobarometer, mtandao wa kupima maoni ya wananchi barani Afrika, ambao hapa Tanzania umefanya kazi na taasisi ya utafiti ya REPOA, humaliza mahojiano kwa kumuuliza mtu anadhani nani aliyewatuma. Katika nchi nyingi za Afrika sehemu kubwa ya wahojiwa husema ni serikali, ingawa mdodosaji alijitambulisha vizuri mwanzoni. Mtu anayeamini anaongea na serikali atasema nini kuhusu serikali?

Sasa tazameni yaliyotokea. Mwaka 2010 REDET, mradi wa utafiti wa demokrasia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilimpa Rais Jakaya Kikwete wa CCM zaidi ya asilimia 70, na Dk. Slaa wa CHADEMA kama 12. Matokeo rasmi: Kikwete sitini na kidogo, Slaa zaidi ya 26. Mwaka 2015, wiki kama tano kabla ya kura, shirika la kiraia la Twaweza kupitia utafiti wao wa Sauti za Wananchi walitoa asilimia 65 kwa John Magufuli wa CCM na 25 kwa Edward Lowassa wa upinzani. Tume ya Uchaguzi ikatangaza 58.46 kwa 39.97. Mshindi walimpata mara zote mbili, hilo tuwape. Lakini kosa limeelemea upande ule ule: aliye na dola anazidishiwa, mpinzani anapunguziwa. Bahati mbaya huyumba huku na huku. Hili haliyumbi.

Hata Kenya mwaka 2022, kampuni za utafiti za TIFA na Infotrak walimweka mbele Raila Odinga, naye ndiye aliyekuwa akiungwa mkono na rais aliyekuwa madarakani, Uhuru Kenyatta. William Ruto akatangazwa mshindi kwa asilimia 50.49. Sisemi woga ndio sababu pekee, kule tofauti ilikuwa ndogo na wapo waliokataa kutaja wamtakaye. Nasema upande wa kosa unafanana, na jambo hilo linastahili kuangaliwa.

Watu hudai dawa ni kuuliza watu wengi zaidi. Hapo nenda sokoni. Wanunuzi wa mpunga na mahindi wana bambo, kile kichuma chenye ncha wanachochoma guniani kutoa punje chache. Mnunuzi mzoefu hachomi juu tu, kwa sababu muuzaji ameweka mazuri juu. Anachoma ubavuni, anachoma chini. Ukichoma mara mia pale juu unapata punje nyingi za uongo ule ule. Ndivyo lilivyofanya jarida la Literary Digest huko Marekani mwaka 1936. Lilisambaza karatasi kama milioni 10, zikarudi zaidi ya milioni 2, likatangaza Alf Landon atamwangusha Franklin Roosevelt. Roosevelt alichukua majimbo 46 kati ya 48. Majina mengi yalitoka kwenye orodha za wenye simu na magari, wakati nchi iko kwenye mdororo mkubwa wa uchumi. George Gallup, kwa watu wachache sana kulinganisha na mamilioni yale, alimtaja mshindi. Na huyo huyo Gallup mwaka 1948 akamtaja Dewey, Truman akashinda, kwa sababu mojawapo kwamba aliacha kuuliza wiki kadhaa kabla ya kura, watu wakiendelea kubadilika. Kura za kubofya mtandaoni tunazotumiana siku hizi ni bambo la juu ya gunia. Tafadhali tusizitumie kubishana.

Lililonisukuma kuandika zaidi ni upendeleo wetu wenyewe. Takwimu za 2015 zilipotoka nilikuwa Mwanjelwa, Mbeya. Wa kijani, yaani CCM, walizishangilia bila kuuliza nani alihojiwa. Wa upinzani walisema Twaweza wamenunuliwa. Julai 2018 Twaweza hao hao wakatoa utafiti kwamba wanaoridhika na utendaji wa Rais Magufuli wameshuka kutoka asilimia 96 mwaka 2016 hadi 55. Maneno yakahamia upande wa pili. Rafiki zangu waliowaita vibaraka sasa wanasambaza kurasa zao, na walioshangilia 2015 sasa wanauliza nani kawatuma. COSTECH, tume ya serikali ya sayansi na teknolojia, ikawaandikia barua kuhusu kibali, na mkurugenzi wao Aidan Eyakuze akazuiliwa pasipoti. Nami nilikuwa mmoja wa waliobadilika. Mwaka 2015 niliwatukana, 2018 nikawasifu, na dodoso lao sikulisoma mara zote mbili. Naona aibu kwa hilo, na ndiyo maana nauliza: mnaamini utafiti wa maoni kwa kigezo gani? Karibuni.

Mchangiaji wa Kihesa, Iringa:

Kamwene ndugu. Umesema vizuri lakini umewahurumia mno. Unapima utafiti kwa kutumia matokeo ya tume kana kwamba matokeo ndiyo rula. Nani aliipima rula? Ibara ya 41(7) ya Katiba inasema mtu akishatangazwa kuwa Rais, mahakama haina mamlaka ya kuchunguza kuchaguliwa kwake. Kwa hiyo utafiti ukitofautiana na tume, sisi wananchi hatuna pa kwenda kuuliza kipi kimekosea. Labda Lowassa alikuwa na zaidi ya hapo. Labda kidogo. Huwezi kujua, na mimi siwezi.

La pili ni sampuli. Twaweza 2015 walihoji watu wasiofika 2,000 nchi nzima. Kwa sensa ya 2012 mkoa wetu ulikuwa na watu 941,238. Ukigawa kwa idadi ya watu, Iringa inapata kama wahojiwa 40, kuanzia Isimani hadi Mufindi. Arobaini! Halafu mtu anasimama kijiweni anasema "utafiti unaonyesha Iringa iko hivi". Hapa mjini tulimchagua Mchungaji Msigwa wa CHADEMA 2010 na 2015, kama Mbeya Mjini walivyomchagua Sugu, wakati vijiji vinavyotuzunguka vilikuwa vya CCM. Mkoa mmoja, watu wawili tofauti kabisa. Wale 40 walikuwa wa wapi?

Mwalimu wa hesabu, Makambako:

Naongeza moja tu. Anayejibu si lazima apige kura. Mwaka 2010 walijitokeza asilimia kama 43 ya walioandikishwa, mwaka 2015 kama 67. Mtafiti wa Septemba atajuaje Oktoba itakuwa ya aina gani? Huenda waliojitokeza zaidi ndio waliobadilisha picha. Na mkuu wa Kihesa yuko sahihi kuhusu wale 40: kwa watu 1,000 waliochaguliwa kwa bahati nasibu ukingo wa makosa, yaani kiasi ambacho jibu linaweza kupotoka kwa bahati tu, ni asilimia 3 hivi kila upande, kwa watu 40 unapita 15. Hapo huna unachoweza kusema kuhusu mkoa. Hata ule wa watu 1,000 unahesabu bahati nasibu tu. Woga wa bibi wa Kiwira haumo humo.

Mleta mada:

Mkuu wa Kihesa, Ugonile. Hoja ya 41(7) naikubali, na inaniuma. Lakini haiwezi kubeba mzigo wote, kwa sababu tafiti zinaanguka hata pale ambapo hesabu ya kura haigombewi. Uingereza 2015 karibu kila kampuni ilisema vyama viwili vikubwa vinalingana. Conservative wakashinda kwa zaidi ya pointi 6. Waliunda jopo chini ya Profesa Patrick Sturgis, wakafungua data za kampuni zote, wakakuta sababu kuu: sampuli zilikuwa na wafuasi wengi mno wa Labour. Hakuna aliyenyang'anywa pasipoti. Hicho ndicho ninachokitaka. Utafiti ukikosea, tuufungue tuone gunia lilichomwa wapi.

Kenya wana sheria ya mwaka 2012 ya kuchapisha kura za maoni za uchaguzi. Inamtaka anayechapisha aseme nani amelipia, nani amehoji, lini, watu wangapi, maswali yapi, na inakataza kuchapisha siku tano za mwisho. Haikuzuia kosa la 2022. Ila swali la nani amewatuma lina jibu lililoandikwa, na mwananchi anaweza kubisha akiwa na karatasi mkononi. Sisi tulikwenda njia nyingine: mabadiliko ya Sheria ya Takwimu ya 2018 yalitaka watu waombe ridhaa kabla ya kutoa takwimu, hadi yalipolegezwa 2019. Ukimfanya mtafiti aombe ruhusa, yule bibi atakuwa sahihi kabisa kuamini kwamba aliyetumwa ametumwa na serikali.

Na kuhusu mji na kijiji, nakubaliana nawe asilimia zote. Sugu, aliyekuwa mbunge wetu Mbeya Mjini, utafiti wa kitaifa usingeweza kumtabiri.

Mama wa Mafinga:

Mimi nimewahi kuhojiwa, ndiyo maana nachangia. Alikuja binti mstaarabu, nikampa kiti. Mume wangu alikuwa pale pale anapanga mbao. Swali la chama likaja. Nilitaja cha mume wangu. Si kwa sababu ananipiga, hapana, ni mtu mwema. Ila ningetaja kingine tungeongea hayo hadi usiku, na asubuhi nina tenda ya kupeleka. Ninyi wanaume mmezungumza serikali, serikali. Serikali ya kwanza iko sebuleni. Wanawake wangapi wamejibu kama mimi? Mwalimu, hilo nalo weka kwenye ukingo wako.

Mwalimu wa hesabu, Makambako:

Mama, hilo sikuwa nimelifikiria. Asante.

Mleta mada:

Mama, shikamoo. Nimeisoma mara tatu. Nilipokuwa mdodosaji nilijitahidi kumwondoa mwenyekiti, waume nikawaacha wamekaa, na sikuona kosa. Naomba nikuulize: yule binti angefanya nini ili umwambie ukweli?

Mama wa Mafinga:

Marahaba mwanangu. Asingeuliza kwa mdomo. Angenipa kikaratasi chenye majina na alama, anigeuzie mgongo, nitie tiki nikikunje na kukitumbukiza kwenye mfuko wake uliojaa vya wenzangu, asijue changu ni kipi. Kwenye kituo cha kura hakuna mtu anayeniuliza nimempa nani, na mume wangu anasubiri nje.