Mtutu wa sentimita 51: .308 au .300 Magnum?

Habari za leo ndugu zangu,

Mafunzo ya uwindaji nimemaliza na kibali cha bunduki kimetoka. Nimebakiza kuchagua kati ya bunduki mbili, zote za mtutu wa sentimita 51: moja inatumia risasi za .308 Winchester, nyingine za .300 Winchester Magnum. Muuzaji ananisukuma nichukue Magnum kwa sababu ya kasi. Hiyo kasi nitaipata kweli kwenye mtutu mfupi? Nitawinda msituni, kulungu na nguruwe mwitu, na ni nadra nifyatue kwa umbali unaozidi mita 150.

---

Salama kaka, na hongera kwa kibali.

Kwa uwindaji huo chukua .308. Vichwa vya risasi hizo mbili vina kipenyo kilekile, milimita 7.8, ila ganda la .308 hubeba karibu gramu 3 za baruti na la Magnum zaidi ya gramu 4.5. Gesi ya baruti yote hiyo inapita kwenye tundu lenye upana uleule. Ndiyo maana Magnum hutiliwa baruti inayoungua taratibu, ili shinikizo lisipande ghafla, na baruti ya namna hiyo inataka mtutu mrefu imalize kazi yake. Ukiwa mfupi, kichwa cha risasi kinatoka wakati gesi iliyo nyuma yake bado ina nguvu nyingi, na nguvu hiyo inaishia kwenye kishindo na mwali.

Kasi inayoandikwa kwenye boksi mara nyingi imepimwa kwa mtutu wa inchi 24, yaani sentimita 61. Chini ya hapo, .308 hupoteza kama mita 6 hadi 8 kwa sekunde kwa kila inchi inayopungua, na Magnum kama 9 hadi 12. Mtutu wako ni inchi 20, pungufu kwa inchi nne, kwa hiyo .308 yenye kichwa cha gramu 9.7, ambayo boksi linasema mita 860 kwa sekunde, kwako itatoka na 830 hivi. Nishati inashuka kutoka joule 3600 hadi karibu 3360. Ukiwa umeirekebisha bunduki ipige palepale unapolenga kwenye mita 200, kwenye mita 300 risasi itaanguka kama sentimita 2 zaidi. Kwa masafa yako hiyo si hasara ya kukunyima usingizi.

Magnum yenye kichwa cha gramu 11.7 huandikwa mita 902. Kwenye sentimita 51 tarajia 860 hivi. Sasa ilinganishe na .30-06, risasi nyingine ya kipenyo hichohicho, ya tangu 1906: kichwa cha uzito huohuo, mtutu wa sentimita 61, mita 823. Ile faida ya karibu mita 80 imekatika nusu, huku teke begani halijapungua na mlio umekuwa mkali zaidi. Mwindaji mgeni anayeogopa bunduki yake hufumba macho kabla ya kufyatua, na mnyama akijeruhiwa vibaya anateseka. Hilo ndilo linalonifanya nisisitize.

Angalieni pia sheria za mnakoishi. Ujerumani wanadai kipenyo cha milimita 6.5 na joule 2000 kwenye mita 100 kwa wanyama wakubwa wenye kwato, na joule 1000 kwa kulungu wadogo. Scotland wao wanatazama na kasi ya risasi inapotoka mdomoni mwa mtutu: futi 2450 kwa sekunde, kama mita 747. Kwa vichwa vya kawaida .308 ya sentimita 51 inavuka vipimo vyote hivyo. Wa kuwa macho ni anayepakia vichwa vizito kwenye mtutu mfupi sana, kwa sababu hapo kasi inakaribia mpaka huo wa Scotland.

---

Kaka, nakuunga mkono kwa msituni, ila nisingependa wasomaji waondoke wakidhani Magnum haina kazi. Mimi nawinda milimani, mnyama yuko ng'ambo ya bonde na upepo hautulii. Natumia .300 yenye mtutu wa sentimita 65, na siwezi kuikata hata kidogo. Kule kasi inapunguza muda ambao upepo unaisukuma risasi pembeni.

Kwa aliyeuliza: kama nchi uliyopo inaruhusu kizuia sauti, kihesabu tangu sasa. Kinaongeza sentimita 15 au 20 mbele ya mtutu, na hapo sentimita 51 zinaanza kuonekana za busara kabisa kwenye vichaka. Kinapunguza teke pia.

Tena usiziamini sana namba, za boksi wala zetu sisi. Mitutu miwili ya urefu mmoja, hata ya kiwanda kimoja, inaweza kupishana mita 15 kwa sekunde kwa risasi za boksi moja, na baridi kali nayo hupunguza kasi ya baadhi ya baruti. Azima kipima kasi pale uwanja wa shabaha, fyatua risasi kumi za aina utakayowindia, chukua wastani, uuingize kwenye jedwali lako la masafa, lile linaloonyesha risasi inaanguka kiasi gani kwa kila umbali. Na urefu wa mtutu unapimwa bunduki ikiwa tupu, bolti (komeo linaloziba nyuma ya mtutu) imefungwa, kijiti kikipitishwa mdomoni mpaka kiguse uso wa bolti. Kizuia sauti kinachoweza kufunguliwa hakihesabiwi kwenye urefu huo.

---

Asanteni sana kaka na dada. Jumamosi nakwenda kuichukua .308.