Naomba ushauri: simu janja kama kompyuta ya baiskeli

Ndugu wanachama, simu yangu nimeifunga kwenye usukani na kuiunganisha kwa Bluetooth na sensa mbili, moja ya kasi kwenye kitovu cha gurudumu la nyuma na nyingine ya kuhesabu mizunguko ya pedali. Mzingo wa gurudumu nimeuingiza kuwa milimita 2105, kipimo cha tairi la 700x25, na kasi inasomeka vizuri. Tatizo ni kwamba kioo kikijizima ili kuokoa chaji, baada ya dakika chache mizunguko husomeka 0 ilhali miguu yangu bado inakanyaga, na rekodi nzima ya mazoezi huharibika, jambo linaloniumiza sana. Betri ya sensa, CR2032, nimeshaibadilisha. Je, niondoe kizuizi cha simu kinachoizuia programu ya kurekodi mazoezi kufanya kazi chinichini, yaani kioo kikiwa kimezimwa, au ni heri ninunue kompyuta halisi ya baiskeli? Aliyewahi kukutana na hali hii naomba anieleze alivyoitatua.