Tupeane uzoefu: mtaa wenu hapa Mwanza ulianza kuchakaa lini?

Mtoto wa Kota
Wakuu, jana nilishuka Nyakato kutafuta kota tulizokulia. Baba alikuwa fundi mitambo kiwanda cha nguo, enzi pamba ikiitwa dhahabu nyeupe. Nimekuta kuta tu. Mabati yamebebwa, fremu za madirisha zimeng'olewa, na mpapai umeota sebuleni, palepale mama alipoweka kabati la vyombo. Nilishindwa hata kupiga picha. Kiwanda kiliposimama, mama ntilie wa getini walihama, halafu taa za barabarani zikafa moja moja, hakuna aliyekuja kubadilisha balbu. Kwenu ilianzaje?

mamaKulwa
Igogo hivyohivyo. Taa kwanza.

Ngosha wa Igoma
Pole mkuu. Mimi nilipanga jirani na gofu la mirathi, ndugu hawaelewani mpaka leo. Watu walianza kwa kutupa taka usiku. Baadaye vijana wa unga wakahamia humo. Wapangaji wenye mabinti wakaondoka. Baba mwenye nyumba wangu kashusha kodi mara mbili na vyumba bado vitupu, hela ya kupaka hata chokaa hana. Nyumba moja imeua mstari mzima.

Binti Mabatini
Uzi huu umenirudisha usiku ambao huwa siusimulii. Tulikaa karibu kabisa na Mto Mirongo. Chini ya kidaraja chetu palijaa chupa, pampasi na mifuko, maji yakipita kwa shida. Mvua ilianza saa nane usiku. Watu wa mlimani wakiona mvua kubwa wanatapisha vyoo, kwa hiyo harufu ndiyo iliyoniamsha. Nikashusha mguu kitandani, maji yakanifika gotini. Sufuria la ugali wa jana linaelea. Nikampandisha mwanangu juu ya kabati, nikamshika mkono mama mkwe.

Pembeni yetu palikuwa na nyumba tupu ya tofali za udongo, ina ufa wa kupitisha kiganja. Tuliiripoti mara tatu. Ukuta wake ulikuja upande wetu ukaziba mlango. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Kijana mmoja wa bodaboda alivunja nondo za dirisha kwa nyundo, akatupokea mmoja mmoja, mama mkwe wa mwisho kwa sababu alikataa kumtangulia mjukuu.

Asubuhi nikarudi. Ndege makorongo wametua uani, wanapekua godoro la mtoto.

Bwiru Kwetu
Daah. Pole sana dada yangu. Mungu ambariki huyo kijana.

mamaKulwa
Mayu, pole. Nimesoma nalia.

Jiwe Juu
Pole dada, lakini watu wa mlimani tusionewe. Gari la kunyonya choo halipandi kwenye mawe. Tufanyeje?

Ngosha wa Igoma
Kwa hiyo unamfungulia jirani yako kinyesi? Huo si utu.

Jiwe Juu
Ngosha, njoo ubebe dumu la maji mpaka kwangu ndiyo uniambie utu. Igogo waliwekewa yale mabomba madogo ya majitaka yanayoteremka kwenye miamba. Nasi tuwekewe, uone kama kuna mtu atatapisha.

mamaKulwa
Igogo hatujaunganishwa wote, tusidanganyane.

Mzee wa Reli
Wanangu, msigombane. Mirongo nimeuvuka nikienda shule, unaona mchanga chini. Sensa ya 2022 imekuta wilaya zetu za jiji, Nyamagana na Ilemela, tuko zaidi ya milioni moja. Viwanja vilivyopimwa havikutosha, watu wakapanda juu ya mawe kwa kuwa ndiko walikokubaliwa. Mji haujengi mifereji, hauzoi taka, halafu wanyonge wawili wanashikana mashati. Hilo linaniuma kuliko magofu.

Bwiru Kwetu
Shikamoo mzee, umesema. Dada, uza ukanunue Buhongwa.

Ngosha wa Igoma
Buhongwa nauli itamla. Na nani atanunua hapo? Andikeni barua kwa mtendaji wa mtaa, mkae na nakala yenye muhuri.

Jiwe Juu
Karipoti mara tatu, hujasoma? Sisi gofu letu tulilisafisha wenyewe Jumamosi mbili, tukapanda mchicha.

Bwiru Kwetu
Mwenye kiwanja atatokea siku ya kuvuna, utaona!

Jiwe Juu
Atokee tu, tuna maswali yake.

Mtoto wa Kota
Binti Mabatini, mtoto anaendeleaje?

Binti Mabatini
Asanteni nyote. Alihara wiki nzima, akapona. Sasa yuko darasa la tano. Tumehamia Mkuyuni, mto uko mbali. Ila mvua ikianza kugonga bati anaamka kimyakimya, anachukua viatu vyake vya shule, vya bibi na vyangu, anavipanga juu ya kabati.